Grafu au sikio? Jibu kwa msomaji anayetafuta spika

SWALI: Mimi ni msomaji wenu wa Tanga. Nimejiwekea akiba ya kununua spika mbili za sebuleni na amplifaya ya kuziendesha. Mjomba wangu amepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi tangu ujana wake, na anasema kifaa cha muziki hakipimwi kwa mashine, kinapimwa kwa sikio. Mpwa wangu amesomea uhandisi wa umeme. Yeye hata kusikiliza hataki: anafungua grafu kwenye simu na kusema hiki kizuri, hiki takataka. Wote wawili nawaheshimu. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu yangu, mjomba wako yuko sahihi kuhusu hakimu. Spika hutengenezwa ili binadamu aisikilize, na kama vipimo vyote vikiisifu lakini wasikilizaji wakaikataa, basi kasoro iko kwenye vipimo. Mpwa wako naye yuko sahihi kuhusu ushahidi: zipo grafu ambazo mtu aliyezizoea anaweza kukuambia spika italiaje kabla hujaitoa kwenye boksi. Wanakosea kwingine. Mjomba anasikiliza huku anatazama, bei anaijua, jina analijua, na sauti hajaisawazisha. Mpwa anazipa namba zote uzito mmoja, wakati baadhi yake hazigusi sikio la mtu yeyote. Makosa hayo mawili yakiondolewa, utakuta wanasema jambo lilelile.

Sisemi hivyo ili kuleta suluhu ya kifamilia. Jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yapo.

Aliyelifanyia kazi kuliko wengi ni Floyd Toole, mhandisi wa Kanada aliyejiunga na Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo, mjini Ottawa, mwaka 1965. Pale alikuwa na vitu viwili ambavyo ni nadra kukutana mahali pamoja: chumba cha kupimia kisichorudisha mwangwi, na chumba cha kawaida cha kusikilizia. Aliziweka spika nyuma ya pazia linalopitisha sauti, akaita watu, akawapigia muziki uleule kwa kiwango kilekile cha sauti, akawaomba watoe alama. Kisha spika hizohizo akazipeleka kwenye chumba cha kupimia. Ungetegemea kila mtu awe na ladha yake, huyu apende spika kali na yule apende nzito. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1985 na 1986 hayakuwa hivyo. Watu walipokuwa hawaoni, wengi wao walielekea kwenye spika zilezile. Na grafu za spika walizozipenda zilifanana: mstari ulionyooka, usio na vilima wala mabonde, kuanzia besi hadi sauti nyembamba kabisa, na mstari ambao haukuvurugika maikrofoni iliposogezwa pembeni mwa spika.

Hapo ndipo ninapotaka mpwa wako na mjomba wako wakae pamoja. Grafu anayoisoma yule kijana haikutoka kichwani mwa mhandisi aliyejifungia na mashine zake. Masikio ya watu ndiyo yaliyoichagua. Anayeidharau grafu hiyo kwa jina la sikio anadharau masikio mengi sana.

Mwaka 1991 Toole alihamia kampuni ya Harman nchini Marekani, ambako aliendelea na kazi hii pamoja na Sean Olive, mwenzake wa tangu Ottawa. Mwaka 1994 walifanya jaribio ambalo kila anayenunua vifaa vya sauti angepaswa kulijua. Waliwachukua watu 40, wafanyakazi wa kampuni yenyewe, na spika nne. Watu hao walisikiliza wakiwa wamewekewa pazia, na wakasikiliza tena wakiwa wanaona. Kati ya spika hizo palikuwa na seti ndogo ya bei nafuu, vikabati vya plastiki na sabufa yake, na palikuwa na spika kubwa za kupendeza. Nyuma ya pazia ile seti ndogo ilijitetea vizuri. Pazia lilipoondolewa ilishuka, na zile kubwa zikapanda.

Hilo pengine ulilitegemea. Lililonishtua mimi niliposoma kazi hiyo ni jingine. Spika ikihamishwa kutoka pembe moja ya chumba hadi nyingine, sauti yake hubadilika kweli. Wasikilizaji waliowekewa pazia waliyasikia mabadiliko hayo na alama zao zikabadilika. Wanaoona walitoa karibu alama zilezile, spika iwe pale au hapa. Yaani macho hayakuongeza tu upendeleo. Yaliwazuia wasisikie kitu kilichokuwepo. Na hawa ni watu waliokuwa wakila mshahara wa kampuni inayotengeneza spika.

Mwaka 2003 Olive alichapisha kazi nyingine yenye wasikilizaji 268. Kati yao 12 walikuwa wamefundishwa kusikiliza. Waliobaki walikuwa wauzaji wa maduka, waandishi wa majarida ya sauti, watu wa masoko na wanafunzi. Mpangilio wao wa spika, ipi bora na ipi duni, ulikuwa uleule kwa makundi yote. Tofauti ilikuwa kwamba waliofundishwa walikuwa wakali zaidi wa alama, na ukiwarudishia spika ileile walitoa alama ileile. Kwa hiyo usiogope kwamba sikio lako halijasoma. Linataka mazingira ya haki tu.

Mwaka mmoja baadaye alijaribu kwenda kinyume: akachukua vipimo vya spika 70 vilivyofanywa kwenye chumba kisicho na mwangwi, akatafuta kanuni ya kukisia alama ambazo watu wangezitoa. Uhusiano kati ya makisio na alama halisi ulifika 0.86, ambapo 1 ni kulingana kikamilifu na 0 ni kutohusiana kabisa. Besi peke yake, yaani inashuka chini kiasi gani na kwa ulaini gani, ilibeba karibu asilimia 30 ya alama. Mwambie mjomba, mpiga besi atafurahi.

Basi ukiona mpwa wako anafungua grafu, muulize ni grafu ipi. Inayofaa ni ile yenye mistari kadhaa kwenye mchoro mmoja, inayotokana na kuipima spika mara 70 kuizunguka pande zote, mlalo na wima, kila baada ya nyuzi 10. Tangu mwaka 2013 ina kiwango rasmi cha Marekani, kinachojulikana leo kama CTA-2034. Mstari wa juu unaonyesha sauti inayokujia moja kwa moja ukikaa mbele ya spika. Mingine inaonyesha sauti inayokwenda pembeni, ikagonga kuta, sakafu na dari, na kukufikia ikiwa imechelewa kidogo. Sebuleni kwako sehemu kubwa ya unachokisikia ni hiyo ya pili, ndiyo maana spika yenye mstari mzuri wa mbele tu inaweza kukuchosha. Tafuta mstari wa juu ulionyooka, na mingine chini yake inayoshuka taratibu kuelekea kulia, kama jamaa moja. Kilima chembamba kinachojitokeza kwenye mistari yote mahali palepale ni kabati au koni inayolia kwa hiari yake, na hicho utakisikia kwenye kila wimbo.

Kinyume chake, maandishi ya boksi yanayosema "40 Hz hadi 20 kHz", yaani kutoka besi hadi sauti nyembamba kabisa, bila kutaja mstari unapanda na kushuka kwa desibeli ngapi hayana maana yoyote. Karibu kila spika duniani inatoa kitu fulani kwenye 40 Hz. Swali ni kiasi gani.

Sasa nije kwenye namba zinazodanganya waziwazi, maana mitaa yetu imejaa. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme, Tanga, Kariakoo au Mombasa, utakuta sabufa imeandikwa PMPO, eti nguvu yake ya kilele, na maelfu ya wati mbele yake. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: haifiki hata wati 3,000. Kifaa kinachodai wati 10,000 kingezipata wapi? Geuza kifaa hichohicho nyuma usome kibandiko cha matumizi ya umeme. Mara nyingi utakuta tarakimu mbili tu. Hiyo ndiyo namba ya kweli, na sauti inayotoka haiwezi kuizidi kwa muziki unaoendelea. Marekani walipata ugonjwa huu kabla yetu, ndiyo maana mwaka 1974 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutaja wati zinazotoka mfululizo, kwa ukinzani gani, kwa masafa gani, na kwa upotoshaji kiasi gani, yaani uchafu ambao amplifaya yenyewe inauongeza kwenye muziki. Mambo hayo manne yakikosekana, namba ya wati ni mapambo.

Namba ya upotoshaji ina historia yake, na katika historia hiyo mjomba wako anashinda. Amplifaya za mwanzo za transista, za miaka ya 1960, zilitoka na karatasi za vipimo nzuri kuliko za valvu, zile za zamani zenye mirija ya kioo inayowaka. Watu wakazipeleka nyumbani, wakasema zinakwaruza, zinachosha. Waliambiwa wamezoea valvu. Kumbe walikuwa sahihi. Kwenye amplifaya nyingi za aina hiyo nusu ya wimbi hubebwa na transista moja na nusu nyingine na mwenzake, na pale wanapopokezana, karibu na sifuri, wimbi hukatika kidogo. Mkato huo haukui sana sauti ikiongezwa. Ukipima kwa nguvu zote, kama walivyokuwa wakipima, unaonekana ni sehemu ndogo mno ya jumla. Ukisikiliza usiku kwa sauti ya chini, unakuwa sehemu kubwa ya muziki. Tena aina yake ya uchafu iko mbali na noti yenyewe, huko juu ambako muziki hauwezi kuufunika. Mhandisi wa BBC, D. E. L. Shorter, alikuwa ameshaandika mwaka 1950 kwamba uchafu wa aina hiyo upewe uzito mkubwa kuliko ule ulio karibu na noti, lakini namba moja ya asilimia ilikuwa rahisi kuandikwa kwenye tangazo, ikabaki. Ilichukua malalamiko ya masikio hadi watu wakapima vizuri: kwa nguvu ndogo, na kwa kuonyesha uchafu uko wapi.

Mpwa wako na wenzake wa leo wameangukia upande wa pili. Wanapanga vifaa vya kubadilisha sauti ya dijitali kwa namba moja ya usafi, na kumdharau mwenye desibeli 105 kwa sababu jirani yake ana 120. Vipimo hivyo ni vya kweli, vimefanywa kwa uangalifu, na mimi nafurahi vipo kwa sababu vimefichua vifaa vya bei kubwa vilivyotengenezwa vibaya. Lakini CD yenyewe ina nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na uchafu wake. Sebule yako ina feni, ina barabara, ina jirani mwenye jenereta. Tofauti kati ya 105 na 120 inazama chini ya hayo yote na haitakaa isikike. Kuna mahali ambapo kipimo kinaendelea kuona na sikio limeshaishiwa, na mtu mwenye elimu ya mpwa wako anapaswa kujua mpaka huo uko wapi. Pesa inayolipwa ng'ambo ya mpaka huo inatoka kwenye spika, na spika ndizo zinazotofautiana kwa ukubwa wa kusikika.

Upande wa sikio, adui mkubwa kuliko hata macho ni kiwango cha sauti. Ukiongeza nusu desibeli tu, mtu hasemi "hii ina sauti kubwa zaidi." Anasema hii iko wazi zaidi, ina besi, mwimbaji amesogea mbele. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walipochapisha kazi yao kwenye maabara za Bell, tunajua kwamba sikio husikia besi hafifu sauti ikiwa chini, na kadiri inavyopanda besi hukua haraka kuliko sehemu nyingine. Ndiyo maana muuzaji anayetaka uondoke na kifaa fulani anahitaji kidole kimoja tu kwenye kitufe cha sauti. Wala si lazima awe na nia mbaya. Spika mbili zikiunganishwa kwenye amplifaya moja bila kugusa kitufe, ile inayogeuza umeme kuwa sauti kwa urahisi zaidi italia kwa nguvu zaidi, na itashinda.

Adui mwingine ni kumbukumbu. Kumbukumbu ya umbile la sauti, si ya wimbo bali ya umbile lake, hufifia haraka mno. Pale Harman walijenga mtambo unaobadilisha spika kwa sekunde tatu au nne tu, kila moja ikikaa mahali palepale. Mtu anayechomoa waya, anazungumza, anafunga waya mwingine, kisha anasema ameona tofauti kubwa, analinganisha sauti ya sasa na hadithi ya sauti ya zamani. Na wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Amplifaya zinaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitu kingine. Mwaka 1985 Bob Carver, mbunifu wa amplifaya wa Marekani, aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba angeweza kuifanya amplifaya yake ya transista ya bei ya kawaida ilie sawa na yoyote watakayoitaka. Wakamletea ya valvu, ya bei kubwa sana. Akaziunganisha kwa namna ambayo kinachobaki kusikika ni tofauti tu kati yao, akaendelea kurekebisha ya kwake hadi tofauti hiyo ikakaribia kuwa kimya. Wahariri wale, ambao kazi yao ilikuwa kusikia tofauti, walikiri kwamba hawawezi tena kuzitenganisha. Ile "roho" ya valvu iliweza kupimwa na kunakiliwa. Mara nyingi kinachosikika kwenye amplifaya ya valvu ni ukinzani wa ndani mkubwa kwenye mlango wa kutokea sauti. Ukikutana na spika ambayo ukinzani wake hupanda na kushuka, mchoro wa masafa unapinda kidogo. Unaweza kuupenda upinde huo. Mimi mwenyewe naupenda kwenye baadhi ya spika. Ila ni upinde, na grafu inauonyesha.

Lakini nisimfanye mpwa wako aone ameshinda, kwa sababu hata jaribio la pazia lina mipaka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Redio ya Sweden ilikuwa ikijaribu mifumo ya kubana sauti ya dijitali kwa ajili ya matangazo. Walifanya majaribio maelfu kwa maelfu, wasikilizaji wataalamu wakiwa hawajui wanasikiliza nini, na mfumo mmoja ukapita. Rekodi zake zikamfikia Bart Locanthi, mhandisi wa Marekani mwenye sikio lililosifika. Alisikiliza bila pazia lolote, na akatambua mlio mwembamba karibu na 1.5 kHz ambao haukuwa kwenye muziki. Alipowaonyesha wengine mahali pa kusikiliza, nao wakausikia. Wote wale walikuwa wameupita. Ukishindwa kusikia tofauti kwenye jaribio, umejua kwamba wewe, siku ile, kwa muziki ule, hukuisikia. Hujathibitisha kwamba haipo. Na angalia pia jinsi Locanthi alivyoaminika: alisema mlio uko wapi, kila mwenye masikio akaenda kuuhakiki. Huo ni utaratibu tofauti kabisa na wa kusema waya huu una "joto" zaidi na kumwambia asiyesikia kwamba masikio yake hayajakomaa.

Kitu ambacho grafu za mtandaoni haziwezi kukuambia ni chumba chako. Chini ya takriban 300 Hz chumba ndicho kinachoamua. Sauti ya besi huenda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana na kujijenga kwenye masafa fulani. Chumba chenye urefu wa mita 4 kitavuma karibu na 43 Hz, na kwenye mizidisho yake. Ukikaa ukutani utaisikia noti hiyo imefura, ukikaa katikati itakuwa imepotea. Nyumba zetu za tofali na saruji, zenye sakafu ya vigae, huirudisha besi kwa nguvu kuliko nyumba za mbao na jasi ambamo spika nyingi za Marekani husikilizwa. Kwa hiyo spika yenye besi ndogo kidogo kwenye grafu inaweza kukufaa kuliko ile inayosifiwa kule. Zulia, pazia zito na kochi la kitambaa hupunguza makali ya sauti nyembamba, lakini besi haziigusi. Besi unairekebisha kwa kuhamisha spika na kiti, na hiyo ni bure. Sogeza spika kutoka kwenye pembe, rudisha, sogeza kiti nusu mita mbele. Mabadiliko utakayoyapata yatazidi tofauti ya amplifaya yoyote mbili.

Sasa ukienda kusikiliza. Chagua kwanza spika tatu au nne kwa grafu. Hapo mpwa atumike. Kisha mpe mjomba kazi ya kuzisikiliza, kwa masharti. Funika spika kwa neti nyepesi ya pazia na punguza mwanga, ili asijue ipi ni ipi. Mtu mwingine abadilishe, na asiseme neno. Piga noizi ya pinki, ule mvumo wa majaribio unaopatikana bure kwenye intaneti, na tumia programu ya simu ya kupima sauti ukiwa umeiweka mahali pa kichwa cha msikilizaji. Simu haiaminiki kwa namba kamili, lakini kulinganisha spika mbili mahali pamoja inatosha. Zisawazishe mpaka zisome sawa. Kwa amplifaya tumia mita ya fundi kwenye skrubu za spika, ukipiga mlio mmoja wa 1 kHz: volti zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia moja.

Sikiliza spika moja moja, si jozi. Watu hushangaa nikiwaambia hivi, lakini Toole alionyesha kwamba kwa spika moja kasoro husikika kirahisi zaidi. Jozi hukupa upana wa jukwaa na upana huo huficha mengi. Na usitumie gitaa peke yake au sauti ya mwimbaji mmoja, ingawa ndicho wauzaji hupenda kupiga. Kitu chembamba kinagusa masafa machache na kasoro inabaki imejificha. Noizi ya pinki yenyewe hufichua zaidi ya muziki mwingi, na baada yake chagua muziki uliojaa. Taarabu ya Culture Musical Club, yenye fidla, kanuni, akodiani, besi na sauti za watu kwa pamoja, ni mtihani mzuri kuliko vipande vingi vya maonyesho, na faida yake ni kwamba masikio yako yanaijua. Rekodi za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam nazipenda sana, lakini za kwenye tepu iliyochoka zitafanya spika kali ionekane mbaya na spika hafifu ionekane laini. Ziweke za mwisho, kwa raha.

Ukitaka kujua kama kweli mnasikia tofauti kati ya vifaa viwili, hasa amplifaya, rusha sarafu kuamua kipi kipigwe, na mjomba abashiri. Fanyeni mara 16. Akipata 12 au zaidi, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha tu uko chini ya asilimia 4, na mpwa itabidi anyamaze. Akipata 8 au 9, nunua cha bei nafuu. Ila kwa jaribio la spika, kumbuka kubadilishana nafasi zake, la sivyo mtakuwa mnapima pembe za chumba.

Kuna jambo moja kuhusu mjomba nalisema kwa heshima yote. Mtu aliyesimama kando ya ngoma na amplifaya za jukwaani kwa miaka mingi huenda amepoteza sehemu ya usikivu wake bila kujua. Kwa hesabu ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, desibeli 85 zinavumilika kwa saa 8, na desibeli 100, ambazo jukwaani ni jambo la kawaida, kwa dakika 15 tu. Toole aligundua kwamba wasikilizaji waliopungukiwa usikivu, hata kidogo, maamuzi yao huyumba zaidi kuliko ya wengine. Ujuzi wa mjomba wa muziki hauondoki kwa hilo. Bado atakuambia kama gitaa la besi linafuatana na mguu wa ngoma au limevimba. Lakini kwenye sauti nyembamba usimwachie peke yake. Mkalishe pia mtu mwenye umri mdogo, na mpeleke mjomba akapimwe masikio hospitali, hata kama hutanunua spika.

Kuhusu kugawa akiba: weka sehemu kubwa kabisa kwenye spika. Amplifaya ya wati 50 za kweli kwa kila upande kwenye omu 8 inakutosha sebuleni. Spika ya kawaida inayotoa desibeli 87 kwa wati moja, ukiisimama mita moja, itafika karibu 104 kwa wati hizo, na huko hutaki kukaa muda mrefu. Hakikisha tu kwamba amplifaya inaruhusiwa kuendesha omu za spika ulizochagua. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kama ule wa soketi, kwa mita 5 una ukinzani usiofika sehemu moja ya kumi ya omu. Usilipe zaidi ya hapo. Na kabla ya kutoa pesa, kubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba unaweza kuzirudisha spika ndani ya siku kadhaa, kwa sababu chumba chake si chumba chako.